Moshi wa Saa Kumi na Moja

Chait 12
Jua limefika mlangoni saa mbili kasoro dakika nane. Naanza na hilo kwa sababu binti yangu Yangji, aliyenitumia daftari hili kutoka Kathmandu, ameniambia kila siku niandike kwanza jambo moja ambalo nina hakika nalo, mengine yatafuata yenyewe. Yeye ni muuguzi, amezoea kuandika joto la wagonjwa. Mimi nitaandika jua.

Tumefungua nyumba ya wageni jana. Theluji ilikuwa imefika dirishani, panya wamekula mfuko mzima wa unga wa shayiri, na bomba la jiko limepinda. Mume wangu, Gyalzen, amelipiga nyundo mpaka likanyooka kiasi. Huu ni msimu wetu wa ishirini hapa Dragkar, na ndio wa mwisho. Goti la Gyalzen limegoma. Mwezi wa Jeth tukishafunga tunashuka kwa Yangji moja kwa moja, na nyumba ataichukua binamu wa Gyalzen.

Kwa hiyo nimebakiwa na msimu mmoja wa kupata kitu ninachokitaka tangu siku ya kwanza nilipofika hapa: kupanda Mlima, huu ulio juu ya nyumba yetu, nikaone jua likichomoza kule juu. Watu wanatoka nchi ambazo sijui hata ziko upande gani, wanalala kwangu, wanakula viazi vyangu, wanapanda kwenda kuliona, kisha wanarudi macho mekundu. Nimewapikia wote na mpaka leo sijui wanalia nini.

Chait 15
Saa mbili kasoro dakika kumi na moja. Theluji mpaka jioni. Hakuna mgeni.

Chait 19
Saa mbili kasoro robo. Wageni wa kwanza wameshuka kutoka juu, vijana wawili wa Ujerumani. Nimewangoja mlangoni na chai kabla hata hawajavua viatu, nikawauliza wameona nini. Mmoja kasema, vizuri sana. Mwingine kasema, hakuna maneno. Nimeyaandika hayo ukurasa wa nyuma, pale ninapoweka majibu. Kwa miaka ishirini nimeuliza watu wasiopungua mia tano, na mia nne wamenijibu kwamba hakuna maneno. Sasa mtu amesoma mpaka chuo kikuu, anakosaje maneno?

Ama Dolka, mama mkwe wangu, alikuwa akimenya viazi karibu na jiko. Akaniambia nimeanza tena. Akasema hajawahi kuona mwanamke wa kwenda kulitafuta jua, wakati jua lenyewe linakuja mpaka mlangoni bila kuitwa.

Nilimjibu kwamba linakuja saa mbili kasoro robo, limeshachoka. Akanitupia ganda la kiazi.

Chait 20
Saa mbili kasoro robo tena, mawingu kidogo. Nieleze habari ya moshi, maana Yangji akija kusoma daftari hili ajue kwamba mama yake hakuwa akikaa bure.

Gyalzen anapopeleka wageni, wanalala kambi ya juu, wanaondoka saa nane za usiku, na kabla ya saa kumi na moja na robo alfajiri wako kileleni. Saa kumi na moja kamili mimi natoka nje na makaa, naweka kwenye chetezo cha mawe mbele ya nyumba, na juu yake majani mabichi ya shukpa, kile kichaka chetu cha harufu. Moshi ni wa miungu ya Mlima, ipate kunusa na iwe na moyo mwema kwa waliopanda. Kila mke wa huku anafanya hivyo. Lakini wangu una kazi ya pili. Safari ya kwanza kabisa ya Gyalzen nilimuuliza akirudi, umeuona moshi wangu? Akasema ameuona, mweupe, umepanda wima. Tangu hapo sijakosa hata asubuhi moja. Nimefukiza nikiwa na homa, nimefukiza nikiwa na mimba ya Yangji ya miezi minane. Gyalzen amefika kileleni mara sitini na moja, na mara zote sitini na moja ameuona.

Ama Dolka hafukizi. Mwaka wa thelathini na mbili sasa. Mumewe alipotea kwenye mlima mwingine, upande wa Tibet, akiwa mpagazi, na asubuhi hiyo Ama alikuwa amemfukizia kama kawaida. Baada ya siku arobaini na tisa za ibada aligeuza chetezo chake juu chini na hakukigusa tena. Hata mwanawe wa pekee anapopanda, yeye hubaki kitandani ameelekea ukutani. Zamani niliona ni roho ngumu. Na sasa pia naona hivyo, sema nimezoea.

Chait 27
Saa moja na dakika arobaini. Yaki, ng'ombe wa manyoya wa jirani, kaingia jikoni kala mkeka.

Baisakh 2
Saa moja na dakika thelathini na sita. Mwaka mpya umetukuta na wageni kumi na wanne na blanketi kumi na moja.

Nimemwambia Gyalzen wazi wazi usiku wa jana: msimu huu unanipeleka. Alikuwa akipaka goti dawa. Akasema kamba ya kupandia imejaa. Nikasema kamba haijai kwa watu watatu. Akasema viatu. Nikasema vya kukodi viko chini ya kitanda chetu pea sita. Akasema nitaugua kichwa cha mlima, hewa ya juu ni nyepesi. Nikamkumbusha kwamba nimezaliwa juu kuliko yeye, na aliyetapika harusini kwetu ni nani.

Mwishoni akasema, “Phurdiki, ukipanda wewe, nani atafukiza? Mimi nikifika juu kitu cha kwanza natafuta moshi wako.”

Hapo amenibana, na anajua amenibana.

Baisakh 3
Saa moja na dakika thelathini na tano. Nimemwomba Ama anifukizie asubuhi moja tu. Nimeomba vizuri, nimeomba na chai mkononi, siagi nimezidisha. Amekunywa chai yote kisha akasema hapana.

Baisakh 9
Saa moja na nusu. Mkorea mmoja mwenye saa kubwa amenijibu vizuri kuliko wengi. Kasema theluji ilikuwa ya buluu, halafu ikawa rangi ya nyama mbichi ya samaki, halafu nyeupe, na yote yamechukua dakika tisa. Nimeandika. Samaki wenyewe nimewaona Kathmandu mara mbili tu, lakini angalau huyu kajitahidi.

Nikamuuliza Gyalzen kama ni kweli, rangi ya samaki. Akasema yeye wakati huo anaangalia vyuma vya miguuni vya wageni visije vikakanyaga kamba. Mara sitini na nne sasa. Nikamuuliza, mbona moshi wangu unauona? Akainama kufunga kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Baisakh 10
Sikuandika saa. Nimekuwa nikiwaza kile kiatu.

Baisakh 14
Saa moja na dakika ishirini na sita. Upepo mbaya, kambi ya juu imepoteza mahema mawili. Hakuna aliyepanda.

Nimeanza kudhani kwamba Gyalzen hataki niende kwa sababu nyingine. Labda kule juu ni mahali pake, pasipo mke wala mama wala mtu wa kumuuliza kuni ziko wapi. Kila mtu anataka mahali kama hapo. Sikasiriki, ila ningependa aseme. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa na bado kuna kitu ananificha kwenye viatu vyake.

Baisakh 19
Saa moja na dakika ishirini na moja. Wamefika wanawake wawili kutoka Japani, walimu wastaafu. Mkubwa ni Bibi Oda, miaka sitini na sita, aliwahi kufundisha mjini Pokhara ujanani na anazungumza Kinepali cha kitabuni. Kwao, anasema, kupanda mlima gizani ili kulikuta jua ni jambo la kawaida kabisa, wanakwenda hata wazee, na likichomoza wanainama. Nikamuuliza, mkishainama? Akafikiri sana. Akasema, “Tunakula.”

Nimempenda mno. Ama pia kampenda, ingawa amemwita kichaa.

Baisakh 21
Mwenzake Bibi Oda ameamka midomo ya kijivu, anaongea mambo yasiyoeleweka. Gyalzen hakungoja, amemteremsha mgongoni kwa mpagazi mpaka kwenye zahanati ya bonde la chini, amerudi jioni akichechemea. Mama yule atapona. Lakini hatapanda.

Nimekaa na viatu alivyoviacha mikononi kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Vinanienea kwa soksi mbili.

Baisakh 22
Saa moja na dakika kumi na tisa. Bibi Oda ndiye aliyesema, mezani, mbele ya wote. Alimwambia Gyalzen kwamba mahali pa rafiki yake kwenye kamba pako wazi, na yeye hapendi kupanda peke yake na mwanamume anayetembea kimya. Angependa Didi, ndivyo anavyoniita, aende naye. Gyalzen akaniangalia, akamwangalia mama yake, akaangalia goti lake, na hakupata msaada popote.

“Na moshi?” akauliza, sauti ndogo.

Kisha Ama, bila kugeuka kutoka kwenye jiko, akasema, “Mpeleke. Anaongea kuhusu hilo jua tangu Yangji hajaota meno. Na mimi usinitazame. Sifukizi.”

Basi nitapanda bila moshi. Nimeogopa, naandika wazi. Wageni wanapanda kila siku na hawana wa kuwafukizia, lakini miungu haiwadai wageni. Sisi inatujua.

Baisakh 24, kambi ya juu, mchana
Mkono umekufa ganzi, naandika kwa penseli. Nilidhani nauelewa Mlima kwa kuutazama kutoka jikoni. Siujui hata kidogo. Barafu inalia chini ya miguu, kitu ambacho hakuna mtu hata mmoja kati ya mia tano aliyewahi kunitajia. Bibi Oda anapumua kama mvukuto wa jiko letu, lakini kila nikigeuka yupo nyuma yangu, ananionyesha dole gumba.

Gyalzen kanifunga kamba mwenyewe. Kakagua fundo mara tatu. Nimemuuliza kama anafurahi nimekuja. Kasema, “Naogopa.” Nikadhani anaogopa nisianguke.

Baisakh 25, jioni, nyumbani
Lazima niandike yote leo, kesho nitaanza kupunguza na kuongeza.

Tuliondoka saa nane. Sehemu ya giza siandiki, ilikuwa mgongo wa Gyalzen na duara la taa yangu kwenye theluji, saa tatu nzima. Hatua, pumzi mbili, hatua. Kama saa kumi na moja kasoro nyota zikaanza kupungua upande mmoja. Gyalzen akasimama, nikajua tumefika kwa sababu hapakuwa na pengine pa kupanda.

Sasa nitajaribu, kwa sababu nimewacheka wengi. Kwanza ni milima. Gizani haikuwepo, halafu ikawepo, bila kuja. Mwanga haukuipata yote pamoja. Ulianza na Chomolungma, mkubwa wa yote, ncha tu. Ukangoja. Kisha Lhotse, kisha Makalu, kila mmoja kwa urefu wake, kama mama anavyowaamsha watoto kuanzia mkubwa. Rangi si ya samaki. Ni ya siagi ya yaki ya mwezi wa kwanza wa majani, ile ya manjano yenye wekundu kidogo. Kisha jua lenyewe likatoka kwenye ukingo wa dunia, dogo, na uso wangu ukapata joto wakati miguu bado ni barafu. Bibi Oda akainama. Mimi nikalia. Nilijiuliza nalia nini, nikajibu kwamba nimefika tu, basi. Nilikuwa nimengoja mno.

Halafu nikafanya anachosema Gyalzen anafanya kila akifika. Nikaligeuzia jua mgongo nikatafuta nyumba yetu.

Upande wa magharibi palikuwa na mlima ambao siujui. Mweusi wa buluu, umechongoka vizuri kuliko milima yote, umelala juu ya mabonde mpaka mbali kabisa. Nikamuuliza Gyalzen ni mlima gani ule. Akaangalia viatu vyake. Bibi Oda ndiye aliyesema, ni kivuli. Ni kivuli cha huu tuliosimama juu yake.

Nikafuata kingo zake kwa kidole. Upande huu kuna bonde la Dragkar, hapa kijito, hapa maboma ya yaki. Vyote vilikuwa ndani ya giza, chini kabisa, kwenye tumbo la kivuli. Kulikuwa bado usiku kwetu. Hata nyumba yenyewe usingeiona kutoka pale, sembuse moshi wa majani.

Na mimi, mimi ninayeandika kila siku jua limefika mlangoni saa ngapi. Mimi ninayejua kuliko mtu yeyote kwamba kwetu linachelewa saa mbili nzima kwa sababu Mlima umelikinga. Niliyajua yote mawili, moshi na kivuli, na kwa miaka ishirini sikuyaweka pamoja hata siku moja.

Gyalzen alikuwa ameshusha miwani yake. Nikamuuliza, “Mara ngapi umeuona?”

“Sijawahi.”

“Hata mara moja?”

“Mara ya kwanza uliniuliza umesimama mlangoni, masizi mpaka kwenye nyusi. Ungeweza wewe kusema hapana?” Akapangusa pua kwa glovu. “Nilijua utaacha siku ukichoka. Hukuchoka. Halafu nikashindwa pa kuanzia.”

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kweli. Lakini nilikumbuka vile anavyoinama kufunga viatu vilivyofungwa, mara sitini na sita, nikacheka mpaka pumzi zikaniisha na ikabidi nikae chini. Kumbe hicho ndicho alichokuwa akificha kule juu. Bibi Oda akadhani nimepata kichwa cha mlima, akanipa chokoleti.

Tumefika nyumbani saa tisa alasiri. Ama alikuwa jikoni. Nilipopita mbele ya nyumba nikaona majivu kwenye chetezo, na nilikuwa nimekifagia kabla ya kuondoka. Nikayagusa, vuguvugu. Mlangoni kulikuwa na matawi ya shukpa, yamekatwa vibaya, kama na mtu aliyesahau kazi hiyo.

Ama hakunisalimu. Alikuwa akikoroga supu iliyokwisha kuiva, na kwenye shavu alikuwa na alama nyeusi ya vidole vitatu. Akaniuliza huku anaangalia sufuria.

“Umeuona?”

Sikufikiri hata kidogo. “Nimeuona, Ama. Mweupe, umepanda wima.”

Akaendelea kukoroga. Kisha akasema kwamba leo alfajiri kulikuwa na upepo kutoka bondeni. Moshi wote ulilala chini, ukaingia ndani ya nyumba, ukamtoa machozi, mpaka sasa macho yanamuwasha. Nikasimama pale na kofia mkononi, nimekamatwa.

“Baba yake Gyalzen naye alikuwa akiniambia umepanda wima,” akasema. “Kila safari. Hata siku za mvua.”

“Ulijua?”

“Nilikuja kujua baadaye. Sikumwambia, alipenda kuulizwa. Siku aliyopotea nikawaza, huyu alipogeuka kunitafuta hakuona kitu, aliona giza tu. Nikakasirika. Nikasema sichomi tena majani kwa ajili ya mtu asiyeona.”

Nikamuuliza basi kwa nini leo. Akanitazama kama anavyonitazama nikiweka chumvi mara mbili.

“Wewe ulikuwa kule juu,” akasema. “Ulitaka nilale tu?”

Akanipa bakuli. Nimekula nimesimama, kwa sababu ningekaa ningelia, na Ama hapendi mtu anayelia kwenye supu.

Baisakh 26
Jua limefika mlangoni saa moja na dakika kumi na tano. Bibi Oda ameondoka. Ameinama mbele ya Ama, na Ama, asiyejua hilo ni jambo gani, ameinama chini zaidi. Wakaendelea kuinamiana mpaka wapagazi wakachoka.

Jeth 3
Saa moja na dakika kumi na moja. Safari ya mwisho ya Gyalzen, wageni wawili wa Kikorea. Nikatoka saa kumi na moja kamili na makaa, nikakuta Ama ameshatangulia, amechuchumaa upande wa pili wa chetezo na matawi mapajani. Giza, baridi, Mlima mweusi juu yetu. Tuliweka majani mabichi, kisha tukaongeza, akasema bado hayatoshi. Tulikaa mpaka mwanga ukaanza kushuka kwenye milima ya upande wa magharibi, kutoka nchani, polepole, na sasa najua anayeupokea kule juu anaona nini, na najua sisi hatumo.

Gyalzen amerudi saa nane, ametupa kamba kwenye kona, amesema basi, imetosha. Sijamwambia kwamba mama yake anajua. Alikuwa bado hajakaa Ama alipomuuliza.

“Umeuona?”

Mume wangu akaniangalia kwa hofu. Mimi nikaangalia dari.

“Nimeuona, Ama,” akasema. “Mweupe. Umepanda wima.”

“Vizuri,” akasema Ama, na akamjazia chai. Gyalzen akainama kufungua viatu, na alipokuwa ameinama, Ama akanikonyeza.